Mamlaka ya Polisi Yatoka Wapi?

Ndugu wananchi wa maeneo ya mpakani, yafaa kila mmoja wetu ajiulize: ni nani aliyempa askari uwezo wa kumkamata mtu? Jibu limo katika Ibara ya 1 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, isemayo kwamba mamlaka yote ni ya wananchi.

Wazo hilo lina historia ndefu. Katika kitabu chake juu ya serikali, kilichochapishwa mwaka 1689, mwanafalsafa Mwingereza John Locke alieleza kwamba watu wote wako huru na sawa kwa asili. Pasipo serikali, kila mtu angekuwa na haki ya kumwadhibu aliyemdhulumu. Lakini mtu hawezi kuamua kwa haki kesi inayomhusu mwenyewe. Hasira humpofusha, na kisasi hupita kosa. Ndiyo maana watu hukubaliana kuikabidhi jamii haki ya kuadhibu, ili pawepo sheria inayojulikana, hakimu asiyependelea na nguvu ya kutekeleza hukumu.

Makubaliano hayo yanafunga pande zote mbili. Mwananchi hana tena ruhusa ya kumpiga wala kumchoma moto mshukiwa wa wizi wa ng'ombe, hata kama ng'ombe ni wake. Askari naye ameshika amana tu. Ibara ya 23 inamtaka amweleze mtu mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na asipomwachilia amfikishe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kwa Ibara ya 28, mtuhumiwa hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe.

Je, jirani aliyevuka mpaka kuja sokoni? Locke aliandika kwamba hata anayepita tu barabarani katika nchi amekubali kuzitii sheria zake. Na Katiba, katika ibara hizo mbili, inamlinda kila mtu, si raia peke yake.

Basi mkimshika mshukiwa, mpelekeni kituo cha polisi bila kuchelewa, akiwa mzima. Na ndugu yenu akizuiliwa kupita saa 48, mwoneni mkuu wa kituo. Msiporidhika, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Kuuliza si ukaidi, ni haki yenu.