Viza Isiyobandikwa Kwenye Pasi

Mama msomaji, miaka si mingi iliyopita mtoto alipopata viza ya kwenda kusoma Uingereza, nyumba nzima iliishika mkononi. Ilikuwa karatasi yenye picha yake, imebandikwa ndani ya pasi, na hata bibi aliyetoka Mbagala kuja kumuaga mjukuu aliigeuza-geuza na kuomba asomewe. Kijana akishafika huko alikwenda kuchukua kadi ya ukaazi, akaitunza kuliko saa yake.

Mambo hayo yamepita. Kadi hizo zilikoma kutolewa mwishoni mwa Oktoba 2024, na zilizokuwapo nyingi ziliisha muda wake Desemba 31 mwaka huo. Kisha, kuanzia Julai 15, 2025, wanafunzi walio wengi wanaokubaliwa kwenda Uingereza hawabandikiwi chochote katika pasi. Viza yao imo katika kompyuta za uhamiaji wa nchi ile, nao huifungulia akaunti kwenye intaneti kwa pasi yao, barua pepe na namba ya simu. India nayo ilianzisha viza ya elektroniki kwa wanafunzi Januari 2025; mwombaji hujiandikisha kwanza katika tovuti ya serikali ya India iitwayo Study in India.

Tumeona vema tulizungumze jambo hili humu kwa sababu safari ya mtoto aghalabu humwangukia mama. Yeye ndiye ajuaye cheti cha kuzaliwa kimo katika sanduku gani, na ndiye anayekwenda kukopa kwenye kikoba. Sasa kuna kitu kipya cha kutunza, nacho hakionekani.

Barua pepe ni ya nani?

Huku kwetu, tangu Tandika hadi Tegeta, fomu nyingi hujazwa kwenye steshenari au katika ofisi ya wakala. Kijana anayejaza huuliza barua pepe. Mtoto hana, au anayo lakini amesahau neno la siri. Basi kijana, bila nia mbaya yoyote, huandika ya kwake, ili kazi iishe na wateja wengine wahudumiwe. Wakati wa viza za karatasi jambo hili halikuwa na madhara makubwa, kwani mwisho wa yote pasi ilirudi na viza ndani yake. Leo mwenye barua pepe ndiye apataye jibu la maombi, na namba za kufungulia akaunti hutumwa kwenye barua pepe au simu iliyoandikwa. Wakala asiye mwaminifu anaweza kuishika viza ya mwanao kama rehani mpaka umwongezee fedha, nawe huna karatasi ya kudai.

Kwa hiyo, kabla hamjaenda popote, mtoto afungue barua pepe yake mwenyewe, kwa jina lake, na neno la siri aliandike mahali utakapopajua nawe. Laini ya simu iwe ile iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole, si ya kaka wala ya mjomba. Asafiri nayo. Akipata namba mpya ugenini, abadilishe kwanza katika akaunti kabla hajaitupa ya Tanzania, maana laini iliyoachwa bila kutumiwa hatimaye hufungwa.

Pasi nayo imefungamanishwa na akaunti hiyo. Ikipotea, au ikiisha na akapata nyingine, lazima aingize namba mpya kabla ya kupanda ndege. Watu wa shirika la ndege huangalia katika kompyuta, na pasi isiyojulikana humo humkwamisha abiria. Pasi za elektroniki za Tanzania zilizinduliwa Januari 2018, na ada yake ikawa shilingi 150,000. Fomu hujazwa katika tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Hapo tena angalieni majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Neema na cha kidato cha nne kikasema Nehema, hilo ni la kurekebishwa mapema, si wiki ya mwisho.

Fedha zisizoguswa

Hapa ndipo wengi huanguka, wala si kwa ajili ya kompyuta. Pamoja na karo, Uingereza hutaka kuona fedha za kujikimu kwa miezi isiyozidi tisa. Kuanzia Novemba 11, 2025 kiwango kilikuwa pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na pauni 1,529 ndani ya London. Kwa miezi tisa nje ya London ni pauni 10,539, yaani zaidi ya shilingi milioni 30. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja.

Sasa tufikirie michango yetu. Shangazi anatoa ahadi, jumuiya inachanga, kiwanja cha Bunju kinauzwa, fedha zinaingia Jumatatu na Ijumaa mtu anaomba kukopeshwa kidogo kwa ajili ya msiba. Ukimpa, siku 28 zinaanza upya. Ni vigumu kumnyima ndugu aliyefiwa, tunajua. Ndiyo maana ni afadhali akaunti hiyo isijulikane na ukoo mzima. Fedha zinaweza kuwa katika akaunti ya mtoto au ya mzazi. Zikiwa za mzazi, hutakiwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya mzazi ya kukubali zitumike, na cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili pekee kipelekwe pamoja na tafsiri iliyothibitishwa. Zile za shangazi hazikubaliki zikibaki kwa shangazi.

Ada ya viza yenyewe ilipanda kuwa pauni 524 mwezi Aprili 2025, nayo hubadilika karibu kila mwaka, hivyo isomeni katika tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, si katika kijikaratasi cha wakala. Kuna pia ada ya huduma za afya, ambayo tangu Februari 2024 ilikuwa pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Maombi yakikataliwa, ada ya afya hurudishwa. Ya viza hairudi. Mtanzania anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hupimwa pia kifua kikuu katika kliniki iliyoteuliwa na Uingereza. Cheti cha hospitali nyingine, hata ikiwa ya rufaa, hakipokelewi.

Kuhusu mawakala, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huwasajili wale wanaopeleka wanafunzi nje. Kabla hujatoa hata shilingi moja, uliza TCU kama huyo wako yumo.

Viza ikishatoka, mwanafunzi akihitaji kupanga nyumba au kupata kazi ya saa chache (wengi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo), hutoa katika akaunti yake namba maalumu inayodumu siku 90, na mwenye nyumba au mwajiri huitumia kuhakikisha haki yake. Namba hiyo na picha za akaunti zisisambazwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kama furaha imezidi. Picha yake akiwa uwanjani na begi inatosha.

Na kwa mama ambaye amepiga hesabu zote hizi na kuona hazifiki: chuo cha India kiitwacho IIT Madras kilianza kufundisha Zanzibar mwaka 2023. Karo yake iulizwe, lakini kwenda huko Mtanzania hahitaji viza. Hupanda boti bandarini.