Wapanda Farasi wa Meerut

Maasi makubwa ya India ya mwaka 1857 yalilipuka Meerut, mji wa kambi kaskazini mwa nchi, na walioyawasha ni askari wa farasi wa Kikosi cha 3 cha jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Habari zilikuwa zimeenea kwamba karatasi za risasi za bunduki mpya aina ya Enfield zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Ng'ombe ni mtakatifu kwa Wahindu, nguruwe ni haramu kwa Waislamu, na askari alizoea kuing'ata karatasi hiyo kwa meno.

Tarehe 24 Aprili, Kanali George Carmichael-Smyth aliwaita gwarideni askari 90 na kuwaamuru wapokee risasi. Zilikuwa zile za zamani, lakini imani ilikwisha kuvunjika. Askari 85 walikataa, wakijua vyema adhabu ya kukataa amri. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo na kazi ngumu, wengi wao miaka 10. Mei 9 walivuliwa sare mbele ya wenzao na kutiwa minyororo miguuni, huku askari wa Kizungu wakilinda kwa mizinga. Katika vita vyote vilivyofuata, ni vigumu kupata ushujaa unaoushinda huo wa watu waliosimama mstarini na kukataa.

Kesho yake, Jumapili jioni, wenzao walipanda farasi, wakavamia jela na kuwafungua. Jioni hiyo hiyo Wazungu wengi waliuawa mjini, wakiwamo wanawake na watoto. Doa hilo halifutiki. Usiku waasi walishika njia ya Delhi, safari ya kilomita zaidi ya 60, na asubuhi ya Mei 11 wakavuka mto Yamuna na kumtaka mfalme mzee Bahadur Shah Zafar awaongoze.

Mwaka uliofuata, mwezi Juni, vita vikiendelea, Lakshmibai, malkia wa Jhansi aliyekuwa upande wa waasi, aliuawa karibu na Gwalior akipigana na wapanda farasi wa Kiingereza, naye mwenyewe akiwa juu ya farasi.

Upande wa Waingereza, Luteni Hugh Gough, ofisa wa kikosi kilekile cha Meerut, alitunukiwa nishani ya Victoria Cross kwa ushujaa wake katika vita hivyo. Askari wa Kihindi, hata waliopigana bega kwa bega na Waingereza, hawakuruhusiwa kuipata nishani hiyo hadi mwaka 1911.