Mavuno Kuluba Hayana Tarehe

Ukitaka kuhudhuria sherehe ya mavuno Kuluba, usiulize ni tarehe ngapi. Ulezi wa huyu umekwisha katwa, wa jirani bado haujakauka, na mtama wa yule wa ng'ambo ya kijito ndege wameshaula nusu. Kila mji unashangilia siku shamba lake linapoisha, kwa hiyo mgeni hualikwa leo hapa, kesho kutwa pale, mpaka Novemba mvua zinapokatika.

Kuluba ni kata ya wilaya ya Koboko, pembe ya Uganda inayopakana na Sudan Kusini na Kongo. Kituo cha mpakani cha Oraba kimo humo humo. Wenyeji wengi ni Wakakwa, na ndugu zao wako Yei upande wa Sudan Kusini na Aru upande wa Kongo. Mipaka ilipochorwa, hakuna aliyewauliza: nchi hii iliwahi kuwa chini ya Leopold wa Ubelgiji, ikarudi kwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikatiwa Uganda. Ndiyo maana kwenye mavuno utawakuta mashemeji na wajomba waliovuka mpaka kuja kusaidia.

Na kusaidia ndiko hasa kunakofanya sherehe. Mwenye shamba huwaita majirani asubuhi na mapema. Wanakata masuke kwa visu vidogo, wanayaanika, kisha yanapurwa na kupepetwa. Hakuna anayelipwa fedha. Malipo ni chakula na pombe ya kwete, na deni la kwenda kumvunia mwenzako zamu yake ikifika. Asiyekwenda hatozwi faini, ila mwakani atavuna na watoto wake tu.

Kwete haipikwi siku moja. Unga wa mahindi huloweshwa mpaka uchachuke, ukakaangwa motoni, halafu ukachanganywa na kimea cha ulezi na kuachwa uumuke. Kazi hiyo ni ya akina mama, nao ndio wanaoamua mavuno yataanza lini, ingawa wazee hawapendi kulisema hilo hadharani. Pombe isipokuwa tayari, nani atakuja? Waislamu ni wengi Koboko, na kwao chai ya maziwa na sufuria la nyama hufanya kazi ile ile; majirani wa dini mbili hukata ulezi pamoja na kugawanyika wakati wa kunywa tu.

Zamani mavuno yalikuwa na mwenyewe mwingine: mkuu wa mvua, mtu wa ukoo maalumu aliyetunza mawe ya mvua. Mvua ikija alisifiwa, ikikosekana alilaumiwa, kazi ambayo mimi nisingeiomba. Wazee waliokufa nao hawakusahauliwa.

Si Kuluba tu: huko Finland nako wakulima walikuwa na sikukuu yao ya kumaliza kazi za shamba, Kekri, nayo kwa muda mrefu ilifuata siku kila nyumba ilipomaliza kuvuna. Walipasha moto chumba cha kuogea na kuwaandalia wafu chakula. Sasa imewekwa mwanzoni mwa Novemba. Tarehe hurahisisha mambo kwa watu wa mjini. Mkulima haimfai sana.

Kuna pia wakulima waliokosa mavuno. Mwaka 2016 vita vilipofika Yei, waliokimbia walipokelewa hapa Kuluba kabla ya kupelekwa kwenye makambi. Wengi walikuwa wakulima waliovuka na mikeka na masufuria huku mashamba yao yakibaki nyuma. Kwa watu wa Koboko hilo halikuwa geni: wao wenyewe walikimbilia Sudan na Kongo baada ya serikali kupinduliwa mwaka 1979.

Siku hizi makanisa nayo yana mavuno yao, na hayo ndiyo yenye tarehe, kwa kuwa hutangazwa mapema. Waumini huleta debe la karanga, mkungu wa ndizi, ufuta kwenye kibuyu, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha mnada unaanza. Mzee mmoja ananunua kuku kwa bei kubwa kupita ya sokoni, anapigiwa makofi, kisha anamrudisha mezani. Kuku yule yule ananadiwa tena. Mara ya tatu anachukuliwa na mama mmoja anayemkwapua haraka na kuondoka naye, watu wakicheka.