Uvira: Ndoano butu na kipete kilichofunguka, sangala anapotea ubavuni mwa mtumbwi

UVIRA – Kwenye fukwe za Kalundu, Mulongwe na Kavimvira, mazungumzo ya wavuvi huanzia kwa mtumbwi, wavu, taa na bei ya mafuta. Ndoano huja mwisho, kama haijasahauliwa kabisa. Hata hivyo, kwa mvuvi wa mshipi, kazi ya usiku mzima inaning'inia kwenye chuma kisichofika urefu wa kidole. Ndoano ikiwa butu, samaki anagusa na kuondoka. Kipete kinachoishikilia kikifunguka, samaki anaondoka na ndoano mdomoni, na familia inabaki bila cha kupeleka sokoni.

Hasara ya namna hiyo inaweza kuzuiwa kwa koleo dogo, tupa na dakika chache za kukagua vifaa kabla ya kuingia majini.

Mshipi katika ziwa la nyavu

Sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa Uvira hutoka kwenye nyavu. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi huwasha taa katikati ya ziwa, ndagala hukusanyika kwenye mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini. Kazi hiyo inahitaji mitumbwi iliyounganishwa, watu wengi, taa na mara nyingi injini. Asiye na mtaji wa kutosha anabaki na mtumbwi mdogo, kasia na mshipi.

Mshipi haushindani na wavu kwa wingi wa ndagala. Unawalenga samaki wanaowala ndagala hao: mukeke na sangala. Hao ni ndugu wa ukoo mmoja. Tanganyika ina aina nne za ukoo huo, na zote nne hazipatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Karibu na miamba kuna pia kuhe, samaki mkubwa anayewawinda wenzake. Samaki mmoja wa aina hizo, akiwa mkubwa, anaweza kubadilisha siku ya mvuvi mdogo. Ndiyo maana kumpoteza dakika ya mwisho kunauma.

Wapo wanaoshusha mshipi wima chini ya mtumbwi, wenye ndoano kadhaa zilizofungwa unyoya au uzi unaong'aa ili zifanane na samaki wadogo. Wapo pia wanaovuta nyuma ya mtumbwi chambo bandia, yaani samaki wa mti, wa plastiki au wa chuma kinachometameta. Chambo hicho kwa kawaida hubeba ndoano moja au mbili zenye ncha tatu, na kila ndoano hushikiliwa na kipete cha waya uliozungushwa mara mbili, kama kile cha kushikia funguo.

Vyambo vingi vya bei ya chini huja na ndoano laini na vipete vyembamba. Kwa samaki mdogo vinatosha. Sangala wa kilo kadhaa anapogeuka na kukimbilia kilindini, ndoano inakunjuka au kipete kinafunguka. Nailoni inaweza kuwa mpya na fundo likawa zuri, lakini nguvu ya mshipi wote ni nguvu ya sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Uzito unaoamua mwendo

Anayebadilisha ndoano anapaswa kujua kwanza kwamba ndoano ni sehemu ya mwili wa chambo. Hapo historia ya kifaa chenyewe inasaidia. Mwaka 1936, Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini aliyekuwa akivua kwenye ziwa Päijänne, alichonga samaki mdogo kwa kizibo kama kile cha chupa ya mvinyo. Alimfunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kisha akamkinga na maji kwa filamu za picha zilizoyeyushwa. Alikuwa ameona jambo moja: samaki mkali anapopita kwenye kundi la samaki wadogo, humkimbilia yule anayeogelea kombo, kama aliyejeruhiwa. Kazi yote ya kile kizibo ilikuwa kuiga mwendo huo.

Mwendo huo hutegemea usawa wa uzito. Ukiweka ndoano nzito kuliko ya kwanza, chambo kilichotengenezwa kuelea kinaweza kuzama, au kikavutwa kama kijiti kisicho na uhai. Ukiweka ndogo mno, kinaweza kulala ubavu au kuzunguka na kuusokota mshipi. Kanuni ni rahisi: ndoano mpya ikaribiane na ya zamani kwa ukubwa na uzito. Baada ya kubadilisha, chambo kivutwe kwanza majini kando ya mtumbwi. Kikienda kwa kuyumba vizuri kama zamani, kazi imekamilika. Kikipinda au kukosa mwendo, ndoano ibadilishwe tena.

Namba nazo huwachanganya wanunuzi. Kwa ndoano, namba inavyopanda, ndoano inakuwa ndogo: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya namba 1, hesabu inageuka na kuandikwa na sifuri: 1/0, 2/0, 3/0, na hapo kila hatua ni ndoano kubwa zaidi. Kwa vipete ni kinyume, namba kubwa ni kipete kikubwa. Aidha, namba ileile ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na ya kiwanda kingine. Njia salama ni kwenda dukani na ndoano ya zamani mkononi na kuzilinganisha.

Kukagua na kubadilisha

Ukali wa ndoano hupimwa kwenye ukucha. Ncha ikiwekwa juu ya ukucha na kusukumwa taratibu, ndoano kali inakwama papo hapo. Ikiteleza, ni butu. Ndoano butu ambayo bado ni nzima inaweza kunolewa kwa tupa ndogo, mikwaruzo michache kuelekea kwenye ncha. Kunoa kupita kiasi kunaiondoa ncha yenyewe.

Iliyokunjuka si ya kunyooshwa. Chuma kilichopinda na kurudishwa kinakuwa kimechoka, na kitapinda au kukatika tena pale pale. Yenye kutu iliyokula shingo au jicho la ndoano itupwe pia. Maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo kutu huenda polepole zaidi, lakini ndoano zinazofungiwa zikiwa na maji ndani ya kopo huoza hata hivyo. Zikaushwe kwanza, kisha zihifadhiwe mahali pakavu.

Kipete nacho hukaguliwa kwa macho. Kizima kina mizunguko miwili iliyolala pamoja bila nafasi kati yake. Mwanga ukipenya katikati, au ncha ya waya ikiwa imeinuka, kipete hicho kimekwisha. Wengi hubadilisha ndoano na kurudisha kipete kilekile kilichovutwa na samaki wa kwanza, na samaki wa pili humalizia kukifungua.

Kwa kubadilisha, kuna koleo maalumu lenye jino dogo kwenye ncha linaloingia kati ya mizunguko. Asiye nalo anaweza kutumia ncha nyembamba ya kisu, kwa uangalifu, chambo kikiwa kimewekwa juu ya ubao, si mapajani. Kutumia meno ni kutafuta jeraha. Kipete kifunguliwe kidogo tu, kwa kuwa kikipanuliwa sana hakirudi. Ncha ya waya ipitishwe kwenye jicho la ndoano mpya, kisha kipete kizungushwe hadi ndoano mpya iingie na ya zamani itoke upande wa pili. Hivyo kipete hufunguliwa mara moja tu. Mwishoni, ndoano ishikwe kwa koleo na chambo kivutwe kwa nguvu. Kama kitaachia, ni afadhali kiachie ufukweni.

Ndoano moja badala ya tatu

Katika nchi nyingi, wavuvi wa vyambo bandia wameanza kuondoa ndoano za ncha tatu na kuweka ya ncha moja. Sababu zipo. Ndoano ya ncha moja hunasa mara chache zaidi kwenye nyavu, majani na vidole. Ni rahisi kuitoa mdomoni mwa samaki, na kwa kuwa chuma chake mara nyingi ni kinene, si rahisi kukunjuka. Ila yenye ncha moja ni nyepesi, hivyo huchaguliwa kubwa kidogo ili uzito ulingane. Jicho lake pia linafaa kuwa limegeuzwa, ili ncha ikae sambamba na mwili wa chambo badala ya kulala ubavu.

Kwa mtumbwi mdogo wenye watu wawili au watatu, faida ya vidole si ndogo. Samaki anayerukaruka miguuni akiwa na ndoano mbili za ncha tatu ni hatari kwa kila mkono ulio karibu. Ndoano ikizama mwilini kupita ule mwiba wake wa nyuma, isivutwe kwa nguvu kurudi ilikotoka. Mshipi ukatwe, kidonda kisifikiche, na mtu apelekwe kwenye kituo cha afya, ambako ataulizwa pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Ndoano karibu na jicho haiguswi kabisa na asiye mganga.

Ndoano za zamani nazo zina mahali pake. Katika mji huu watu huoga, hufua na kuchota maji ziwani, na watoto hucheza mchangani bila viatu. Tangu maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya karibuni na kufunika sehemu za mwambao, mguu hukanyaga mahali ambapo jicho halioni. Chupa ya plastiki yenye kifuniko inatosha kuzikusanya hadi zizikwe mbali na ufuko.

Samaki aliyepotea hakurudi ziwani salama

Kuna hesabu nyingine isiyoonekana. Samaki anayekimbia na chambo kizima mdomoni anaweza kushindwa kula na kufa. Mvuvi amemkosa, na ziwa limempoteza. Sangala wakubwa wa kaskazini mwa Tanganyika walianza kupungua tangu uvuvi wa kibiashara wa nyavu za kuzungusha ulipoingia upande wa Burundi katika miaka ya 1950. Leo vyandarua na nyavu za matundu madogo huzoa hata watoto wa samaki waliojificha kwenye majani ya kandokando. Mshipi wenye ndoano kubwa huwaacha wadogo hao wapite, mradi ndoano iwe imara ya kumshika yule mkubwa iliyekusudiwa.

Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zina mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura, na zimekuwa zikielekea kwenye mapumziko ya miezi 3 kila mwaka ili samaki wazaliane. Mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa mvuvi, siku za kukaa nchi kavu ni siku ngumu, iwe ni kwa amri, kwa upepo mkali au kwa sababu ya usalama. Ni siku pia za kumwaga vifaa vyote juu ya mkeka, kupima kila ncha kwenye ukucha na kutenga vipete vilivyofunguka. Siku ziwa litakapofunguliwa, sangala wa kwanza hatamsubiri mvuvi arudi nyumbani kutafuta koleo.