Mteja Kwanza, Mwekezaji Baadaye

Je, unaweza kupikia ugali makaa yaliyotokana na uchafu wa choo? Swali hilo liliwakabili waanzilishi wa Sanivation, kampuni ya Naivasha inayogeuza uchafu huo kuwa nishati.

Walianzia kwenye choo chenyewe. Familia ililetewa choo nyumbani, ikalipa ada ya kila mwezi, na uchafu ukachukuliwa. Kisha ulipashwa moto kwa miale ya jua kuua vijidudu kabla ya kutengenezwa makaa.

Kwa vijana wa Section 58 na kwingineko katika kaunti wanaoanzisha biashara, funzo ni hili: timiza ahadi ndogo kwa wakati, mwonyeshe mteja hatua za kazi, na uhifadhi rekodi za malipo. Mwekezaji hutaka kujua ni wateja wangapi wanaorudi.