Tabo kwenye injini isiyozaliwa nayo: piga hesabu kabla hujatoa hela

Mavuno ya alizeti yakianza mwezi wa tano, Ikungi nzima inatafuta gari. Mwenye pikapu au mkonga wa dizeli anaitwa Sepuka leo, Mang'onyi kesho, na gari likianza kulegea mlimani shauri analopewa gereji ni lile lile: funga tabo. Hela ipo kidogo, msimu ni mfupi, na uamuzi unatakiwa wiki hii.

Kwa ufupi, wengi hawahitaji tabo. Wanahitaji injini yao irudishiwe nguvu iliyoipoteza. Wachache wanaoihitaji kweli wasiamue kwa bei ya tabo peke yake, kwa sababu mara nyingi bei hiyo haifiki hata nusu ya fedha zitakazotoka mfukoni.

Unanunua nini hasa

Unanunua hewa. Dizeli haiungui vizuri bila hewa ya kutosha, na Ikungi iko kwenye uwanda wa kati, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 15. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho hata ikiwa nzima kabisa. Tabo inachukua nguvu ya moshi unaotoka, inazungusha feni, na feni inasukuma hewa ndani ya silinda.

Wa kwanza kuonja faida hiyo kwenye hewa nyepesi walikuwa watu wa ndege. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,300. Chini ilikuwa ikitoa nguvu ya farasi 350 hivi. Kileleni ilishuka hadi 230. Alipoiwasha ikiwa na tabo, ilirudi 356.

Lakini watu wa ndege wanajua na upande wa pili. Kuna injini ndogo ya Austria inayopendwa sana na wanaojijengea ndege nyumbani. Isiyo na tabo inatoa nguvu ya farasi 100, na yenye tabo inatoa 115. Mtengenezaji anaruhusu hizo 115 kwa dakika tano tu wakati wa kuruka, kisha rubani ashuke hadi 100. Kama kiwanda chenyewe kinaipa injini yake dakika tano, usikubali fundi akuahidi nguvu kubwa ya kutwa nzima kwenye injini yenye umri wa miaka 20.

Chaguo la kwanza: sevisi kamili

Hili ndilo la bei ndogo, na vifaa vyake vingi vinapatikana Singida mjini. Badilisha chujio la hewa na la dizeli. Nozeli zipelekwe kupimwa kwenye mashine, siyo kuangaliwa kwa macho. Pampu ya dizeli iwekwe taiming sawa, valvu zipimwe, eksozi ikaguliwe isije ikawa imeziba. Mwisho dai kipimo cha mkandamizo wa kila silinda.

Kipimo hicho kina thamani kuliko maneno ya fundi yeyote. Silinda zikiwa na nguvu sawa na zote zikifikia kiwango cha kiwanda, injini ni nzima na unaweza kufikiria tabo. Moja ikiwa chini ya wenzake, habari ya tabo iishie hapo: ukiifunga, unaharakisha ovahoo.

Vumbi la kiangazi linaziba chujio la hewa haraka, na gari lenye chujio lililoziba linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, sawasawa na gari linalodhaniwa linahitaji tabo. Anza hapo.

Chaguo la pili: kufunga tabo kwenye injini uliyonayo

Kwanza ujue injini zinatofautiana tangu kiwandani. Chukua ile dizeli ya silinda sita ya lita 4.2 iliyojaa kwenye mikonga yetu. Isiyo na tabo inakandamiza hewa zaidi ya mara 22. Ndugu yake aliyetoka kiwandani na tabo anakandamiza mara 18 na ushee tu. Kiwanda kilipunguza makusudi, kwa sababu tabo inaongeza shinikizo na joto. Injini zilizozaliwa na tabo mara nyingi pia zina vijibomba vinavyorusha oili chini ya pistoni kuipoza. Ukifunga tabo kwenye injini ya kwanza unaibebesha mzigo ambao haikuumbiwa.

Inawezekana, na wapo wanaofanya kwa mafanikio. Siri yao ni kusukuma hewa kidogo, kama bar 0.5 na si mbali zaidi ya hapo, na kufunga mita ya joto la eksozi. Bila mita hiyo dereva hajui pistoni inaungua mpaka imeshaungua.

Tabo yenyewe utaipata kwa njia tatu.

*Ya mtumba.* Bei ndogo, na inapatikana kirahisi Ilala na Kariakoo, Dar es Salaam. Uhai wake ni bahati, kwa hiyo ipime hapo hapo kaunta. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ivute na uisukume kwa urefu: isicheze kabisa, au icheze kwa kiasi usichokihisi vizuri. Itikise juu na chini: mchezo mdogo sana unavumilika, lakini ncha za feni zisiguse ukuta. Izungushe: izunguke laini bila kukwaruza. Washa tochi ya simu uangalie mapezi, kama kuna lililomeguka au kupinda. Mwisho pitisha kidole upande wa hewa. Kikitoka na oili nzito, irudishe kaunta. Muuzaji akikataa usiifanyie haya, ondoka.

*Mpya ya nakala.* Bei ya katikati, na inang'aa. Zipo nzuri na zipo zinazokufa kabla msimu haujaisha, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kinachokulinda ni risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa yenye tarehe. Soma waranti kabla ya kulipa: nyingi zinafutika usipoonyesha kuwa ulibadilisha oili, chujio na bomba la oili siku ya kufunga. Kwa hiyo tunza na risiti za hivyo vitu.

*Seti kamili iliyotengenezewa injini yako.* Ghali kuliko zote, na kawaida huagizwa. Lakini inakuja na manifoldi, mabomba, gasketi na boliti, kwa hiyo fundi hachomelei cha kubahatisha. Ukijumlisha kila kitu, tofauti yake na njia ya kuokoteza vipande huwa ndogo kuliko inavyoonekana mwanzoni.

Chaguo la tatu: injini yenye tabo ya kiwandani

Badala ya kuilazimisha injini ya zamani, unaitoa na kuweka ya mtumba iliyozaliwa na tabo. Kwa dizeli ile ya lita 4.2, unatoka nguvu ya farasi kama 130 kwenda kama 165, na sehemu zote zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa uimara, hili linashinda.

Gharama ndiyo inayouma: injini, kuishusha na kuipandisha, vishikizo, nyaya, pengine gia boksi. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, mabadiliko yaingie TRA, na kampuni ya bima iambiwe. Dai karatasi za manunuzi zenye namba ile ile iliyogongwa kwenye injini. Injini isiyo na karatasi, hata iwe ya bei ya kutupa, ni tatizo unalolipia.

Gharama zisizotajwa kaunta

Hapa ndipo wengi wanapoishiwa fedha gari likiwa juu ya mawe. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Futa, uweke bei ulizoambiwa wewe.

Tuseme umetajiwa tabo kwa shilingi 800,000. Ongeza manifoldi 250,000. Bomba la kupeleka oili na la kurudisha, 120,000. Kuchomelea bomba la eksozi, 150,000. Gasketi na boliti, 60,000. Oili na machujio mapya, 130,000. Mita ya joto, 150,000. Ufundi, 250,000. Kuweka sawa pampu na nozeli, 200,000. Usafiri wa mzigo kwa basi, 20,000. Jumla ni 2,130,000, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya bei uliyotajiwa.

Hapo hujahesabu siku gari limelala gereji, na katikati ya mavuno hizo ndizo siku za gharama kubwa. Uliza pia kama bei ina VAT au itaongezwa ukitaka risiti.

Sasa pima na mapato. Tuseme kila safari inakuachia 40,000 baada ya dizeli na dereva. Ili kurudisha 2,130,000 unahitaji safari 54 za ziada, ambazo bila tabo usingezipata. Jiulize kwa ukweli kama utazipata msimu huu. Kwa njia fupi za vijijini, kinachokuzuia ni foleni ya kupakia na barabara mbovu, na tabo haitibu hayo. Kwa anayeshuka Dodoma na kurudi na mzigo akipanda mlima wa Saranda kila wiki, hesabu inaanza kuleta maana.

Kitu ambacho tabo haiongezi

Tabo haiongezi uwezo wa springi, breki, klachi wala tairi. Gari la tani moja linabaki la tani moja. Ukitumia nguvu mpya kupakia magunia ya ziada, klachi itaungua kwanza, na kwenye mteremko breki zitakuwa zile zile za zamani. Rejeta nayo iwe safi, kwa sababu joto linaongezeka, na gari lililokuwa linakaribia kuchemsha sasa litachemsha kweli.

Gharama za kila siku zinabadilika pia. Shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoitenga na bushi zake ni utando mwembamba wa oili. Oili chafu inaiua. Badilisha oili mapema kuliko ulivyozoea, na usinunue ya kupimiwa kwenye chupa za maji. Siku ya kufunga, fundi aijaze tabo oili kabla ya kupiga stata. Ukitoka mlimani, acha injini ingurume taratibu dakika moja au mbili ndipo uzime. Dereva asiyekubali utaratibu huo asipewe gari lenye tabo.

Uamuzi

Kama una fedha za sevisi tu, fanya sevisi. Usikope kwa ajili ya tabo.

Kama una fedha za tabo ya mtumba bila vile vingine, usinunue. Fanya sevisi, kilichobaki kiweke kwenye tairi na breki.

Kama hesabu yote inatosha, kipimo cha silinda kimetoka vizuri, na safari zako ni za milima mirefu, chukua seti kamili au nakala yenye waranti ya maandishi, shinikizo dogo, na mita ya joto. Ifunge baada ya mavuno, siyo katikati.

Kama injini imechoka na ilikuwa inaelekea ovahoo, linganisha bei ya ovahoo pamoja na tabo na bei ya injini ya kiwandani yenye tabo na karatasi zake. Mbili hizo zikikaribiana, chukua injini.

Na fundi yeyote unayemchagua, mwambie akuandikie jumla yote kwenye karatasi moja kabla hajafungua boliti ya kwanza. Akikataa, tafuta mwingine.