Meno Yanayosogezwa (2): Maumivu Yanapofika Ubongoni

Wiki iliyopita tulieleza jinsi waya unavyolisogeza jino ndani ya taya. Leo tuyafuate maumivu yake, maana mtoto aliyefungwa vyuma asubuhi akaanza kulia jioni hadeki.

Kati ya jino na mfupa upo utando mwembamba, usiofika nusu milimita, wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Waya ukikaza, utando hubanwa upande mmoja na damu hupungua. Seli zilizobanwa hutoa kemikali, zikiwemo prostaglandini, zinazoifanya mishipa ya fahamu ishtuke upesi. Hayo huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana maumivu hayaanzi kwenye kiti cha daktari. Hufikia kilele kesho yake, kisha hutulia ndani ya wiki moja hivi.

Taarifa hupita kwenye neva ya tano ya kichwa, huingia shina la ubongo, hupanda hadi thalamasi, na hapo njia hugawanyika. Tawi moja huenda kwenye gamba la ubongo linalotambua mahali: jino lipi, upande upi. Mwaka 1937 Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo wa Montreal, akiwa na mwenzake Boldrey, alionyesha kwamba uso na mdomo vimetengewa hapo eneo kubwa kupita kiasi.

Tawi la pili huenda kwenye maeneo ya ubongo yaitwayo insula na singulati, ambako maumivu hupata karaha yake. Hapa ndipo penye uzito kwa mzazi. Maeneo hayo hayo hushughulika pia na hofu na matarajio. Kwa hiyo watoto wawili wenye waya ule ule huumia tofauti, na wote husema kweli. Mwaka 1965 watafiti Melzack na Wall walitoa nadharia kwamba taarifa za maumivu hupita kwenye lango ambalo ubongo wenyewe unaweza kulifunga au kulifungua. Leo tunajua kuwa ubongo hutuma chini amri za kutuliza, ukitumia kemikali zake ziitwazo endorfini. Woga hudhoofisha kazi hiyo.

Kumwambia mtoto “nyamaza, ni waya tu” ni kumwongezea mzigo. Mpe uji na vyakula laini. Dawa kama ibuprofeni huzuia prostaglandini, ambazo zinahitajika ili mfupa ujijenge upya, basi muulize daktari kwanza. Wengi huchagua parasetamoli. Na kabla hajafungwa vyuma, mweleze maumivu yataanza lini na yatakwisha lini.